Waturkmeni wa Tal Afar: mbona wengine wako Najaf na wengine Uturuki mpaka leo? Mwenye kujua anieleweshe

MzigoKariakoo

Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa kitu, nimerudi nacho kichwani tangu Agosti 2024 na kila ninayemuuliza hapa Dar ananijibu juu juu tu.

Mungu alinijalia nikaenda Arubaini, ile ziara ya Mashia ya kutembea kwa mguu toka Najaf mpaka Karbala, kusini mwa Iraki. Kwa asiyejua ni kama kilomita 80, nguzo za barabarani zimeandikwa namba kuanzia 1 mpaka 1452, mkipotezana mnaambiana tu tukutane nguzo fulani. Njia nzima watu wanakulisha bure, chai bure, miguu unakandwa bure. Sasa siku ya pili jua limenichapa vibaya, kisigino kimetoka lengelenge kubwa kama sarafu, nikajitupa kwenye huseiniya (ukumbi wa ibada wa Mashia) moja ndogo ya pembeni. Nje kulikuwa na bibi anachoma mikate kwenye tanuri la udongo lililozungushiwa pipa, anaipiga mkono inaganda ukutani, na anamtuma mjukuu wake huku na huku.

Kilichonishtua ni lugha. Mi ni mtu wa nguo, Istanbul naenda kufunga mzigo mara mbili kwa mwaka, Kituruki changu ni cha sokoni lakini "gel" (njoo) na "su" (maji) na "ekmek" (mkate) nazijua. Na huyu bibi ndo alikuwa anaongea hivyo hivyo, katikati ya Iraki! Nikamuuliza, akajigonga kifua akasema Türkmen, akaonyesha kaskazini akasema Telafer. Yule kijana, wa miaka kama 15 hivi, akanieleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba walikuja 2014 yeye akiwa mtoto mdogo, na wanaishi chumba cha nyuma mtaa wa pili toka pale.

Nikauliza mtarudi lini kwenu. Kijana akamtafsiria bibi, bibi akajibu kitu, watu wote pale wakacheka, mimi sikuambiwa nini. Kavideo ninako maana nilikuwa narekodi mikate.

Sasa wadau, hawa wametoka Turkmenistan au? Wamefikaje kusini kote kule? Na miaka 10 yote kwa nini hawajarudi kwao wakati vita tuliambiwa imeisha?

---

Fundi_Bomba

Turkmenistan si ndo ile nchi ambayo rais wao wa zamani alijisimamishia sanamu la dhahabu linazunguka kufuata jua? Hao watakuwa wamemkimbia huyo hahaha

---

TalibuWaTanga

Fundi acha utani. Mi nipo Najaf nasoma hauza (chuo cha dini cha Mashia) mwaka wa nane sasa, ngoja nijibu kidogo.

Hawa si watu wa Turkmenistan. Waturkmeni wa Iraki wako hapa karne na karne, wamejipanga kama mkanda toka Tal Afar kule magharibi ya Mosul unashuka Altun Kupri, Kirkuk, Tuz Khurmatu, Amerli mpaka upande wa Diyala. Jina linafanana na lugha zina undugu basi, lakini kuwauliza habari za Turkmenistan ni sawa na kumuuliza Mngazija kwao Pemba ni kijiji gani. Lugha yao yenyewe iko karibu na ya Azabajani kuliko hiyo ya Istanbul unayonunulia suruali. Na ndani yao kuna Shia na kuna Suni, hilo liweke akilini maana ndo jibu la swali lako la pili.

Tal Afar iko kama kilomita 60 magharibi ya Mosul. Ulikuwa mji wa watu kama laki 2, wengi mno Waturkmeni, nyumba ya Shia imepakana na ya Suni. Mosul ilianguka mikononi mwa Daish, yaani ISIS, tarehe 10 Juni 2014, siku chache baadaye, katikati ya Juni, na Tal Afar ikaenda. Shia wakajua wao hawana mjadala, wakakimbilia Sinjar kwa kuwa ndo karibu, kilomita 50 tu, wakalala mashuleni na kwenye majengo yasiyoisha wakidhani ni wiki mbili tatu. Tarehe 3 Agosti Sinjar nayo ikaanguka, wakakimbia mara ya pili kabla hata hawajafua nguo za mara ya kwanza. Kuingia upande wa Wakurdi haikuwa rahisi, watu walikwama vizuizini na joto la kiangazi na watoto, mwisho ndo wakaletwa kusini kwa mabasi na wengine kwa ndege.

Kwa nini Najaf na Karbala? Kwa sababu hizo huseiniya ulizolala wewe mkuu ndo zilikuwa tupu. Zimejengwa kwa ajili ya mazuwari (wageni wa ziara), zina vyoo, zina majiko makubwa, zinajaa siku chache kwa mwaka. Basi wakawekwa humo, familia moja kipande cha ukumbi na shuka la kutundika katikati. Mwaka ule Arubaini iliangukia Desemba, fikiria hesabu ya kichwa ya wenyeji: mamilioni ya wageni wanakuja na kumbi zimejaa wakimbizi. Serikali ilikuwa inatoa dinari milioni 1 kwa kila familia, wakati huo kama dola 850, ukiwa na watu tisa unakula kwa muda gani hapo.

Nina jirani zangu kutoka huko, watu 11, vyumba viwili, mke wangu ndo rafiki wa mama mwenye nyumba kwa hiyo haya ya ndani nayapata kwake. Hawa ni watu wa ngano. Kwao walikuwa wanalima ngano ya mvua, na chakula chao ni burghuli, ile ngano ya kuchemshwa ikaanikwa ikasagwa chengachenga. Najaf ni mji wa wali, tena wali wa ambar wenye harufu yake, wanajivunia nao balaa. Yule mama miaka yote hii bado anasema wali haushibishi. Kila mgeni akitoka kaskazini anaagizwa burghuli, ikifika anaigawa kwa kikombe kwa wenzake wa Tal Afar walioko mtaani kama mtu anayegawa dawa. Baba anafanya kazi kwenye tanuri la mikate usiku, kijana mkubwa aliingia Hashdi (wanamgambo wa upande wa serikali waliopigana na Daish) 2015 na mshahara wake ndo unaolipa kodi. Watoto wadogo Kiarabu chao ni cha Najaf kabisa, bibi akiongea nao Kiturkmeni wanamjibu Kiarabu, anakasirika kweli.

Nyumba yao Tal Afar ipo, ukuta wa nyuma ndo haupo. Baba anaenda kila mwaka msimu wa mavuno anakaa wiki mbili anarudi. Kamuulize kwa nini hawahami, atakwambia mshahara wa kijana uko huku, shule iko huku, kule ataanza na nini. Lakini msidhani wote wako hivi, wengi walishaondoka kusini kuanzia 2017/2018 wakarudi kwao. Uliowakuta wewe ni waliobaki.

---

Fundi_Bomba

Nimekubali sheikh. Kwaiyo ni udini tu, Shia kule Suni huku, yale yale

---

TalibuWaTanga

Si "tu" ndugu yangu. Wale walikuwa wanaoana, ukoo mmoja una Shia na Suni ndani yake. Kilichowaharibu ni miaka baada ya 2003, Marekani ilipoivamia Iraki. Jeshi la Marekani na la Iraki lilipiga operesheni kubwa pale Septemba 2005, rais Bush akasimama Machi 2006 akautaja mji huo kama mfano wa mafanikio, mwaka mmoja baadaye Machi 2007 lori la mabomu likaua watu zaidi ya 150 kwenye mtaa wa Shia na usiku huo huo watu wakaingia mtaa wa Suni kulipiza, na walioingia walikuwemo polisi. Kwa hiyo Daish wanafika 2014 kidonda kilikuwa hakijapona, na wenyeji wanakwambia wazi kwamba kati ya waliokuja na bunduki walikuwemo watoto wa mjini waliowajua kwa majina. Hilo ndo gumu.

---

MswahiliAnatolia

Nimeona uzi huu nikajua huu ni wangu. Mi nasoma Kırşehir, mji mdogo katikati ya Uturuki, na nusu ya watu ninaocheza nao mpira jioni ni vijana wa Tal Afar. Hawa ni upande wa pili wa hadithi ya Talibu, Suni. Wao wengi hawakukimbia Juni 2014, walikaa, wengine wakatoka 2015, 2016, wengine 2017 kabla mji haujakombolewa mwezi Agosti, kwa njia za kulipa wavushaji kupitia Syria mpaka mpakani, na njia hiyo kila mtu ana mtu aliyempoteza.

Watu wanadhani Mturkmeni akifika Uturuki amefika kwa mjomba. Lugha kweli inasaidia, mtoto anaingia darasani na baada ya mwezi huwezi kumtofautisha. Ila kisheria yeye ni Muiraki. Msyria anapewa ulinzi wa muda, Muiraki anaomba hifadhi mtu mmoja mmoja, anapewa kitambulisho na anapangiwa mkoa wa kukaa. Kırşehir, Samsun, Çorum, ndo maana wamejaa kwenye miji ambayo hamjawahi kuisikia. Unatakiwa kwenda kutia sahihi ofisi ya uhamiaji kwa siku uliyopangiwa, ukitaka kwenda Ankara kumwona dada yako ni mpaka ruhusa ya maandishi. Rafiki yangu mmoja alikosa harusi ya kaka yake iliyofanyika kilomita 180 tu kutoka hapa kwa sababu karatasi ilitoka Jumatatu na harusi ilikuwa Jumapili.

Kazi ni ujenzi, gereji, kubeba mizigo, mashambani wakati wa msimu, na karibu zote bila bima maana kibali cha kazi anatakiwa aombe tajiri na tajiri haombi. Huyo rafiki yangu alivunjika mkono kwenye saiti moja ya ujenzi, bosi akampa hela ya teksi akamwambia hospitali useme umeanguka nyumbani. Matibabu nayo, tangu mwisho wa 2019 sheria ilibadilika, bima ya serikali kwa waombaji wengi inakatika baada ya mwaka mmoja toka ujiandikishe. Bibi yao ana sukari. Insulini wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp.

Nyumbani kwao nimelala mara nyingi. Watu tisa, ghorofa ya chini kabisa, dirisha liko usawa wa miguu ya wapita njia. Kırşehir Januari ni theluji, chumba chenye moto ni kimoja tu, jiko la makaa ya mawe linakaa katikati na bomba lake linatokea dirishani, basi wote tisa tunahamia hapo na magodoro, wanafunzi wanafanya homuweki humo humo, TV humo humo, bibi anaswali humo humo. Ukienda chooni unakimbia. Makaa wanapata magunia kadhaa kutoka manispaa kama msaada na mengine wananunua. Asubuhi magodoro yanapangwa ukutani mpaka dari na juu linatandikwa shuka la maua, ukiingia mchana huwezi kujua watu tisa wamelala pale.

Cha kuchekesha kidogo (au si cha kuchekesha), kule Mosul waliitwa Waturuki, hapa muuza duka anawaita Waarabu.

Wengi hawapangi kubaki wala kurudi, wanasubiri kupelekwa Marekani au Kanada au Australia. Kuna familia faili lao la Marekani lilikuwa limekaribia kabisa, Januari 2017 Trump akatoa ile amri ya kuzuia watu wa nchi kadhaa kuingia Marekani, na Iraki ilikuwemo. Machi Iraki ikatolewa kwenye orodha lakini vipimo vya afya na vibali vyao vilishapitwa na muda, wakaanza upya. Mpaka leo.

---

MzigoKariakoo

Daah. Kwa hiyo huyu bibi wa mikate na bibi wa huko Kırşehir wanaweza kuwa walikuwa majirani kabisa.

---

NdogoWaKisumu

Wanaweza kabisa bro. Mimi nilikuwa huko Ninawa, mkoa wa Mosul na Tal Afar, 2018 na 2019, nilifanya logistiki kwa shirika moja la misaada, na Tal Afar tulikuwa tunafika mara mbili kwa wiki. Watu wanauliza nyumba, nyumba, lakini shida kubwa niliyoona mimi ni karatasi.

Iraki bila makaratasi wewe si mtu. Wakati huo kulikuwa na kitambulisho, cheti cha uraia, kadi ya makazi na kadi ya chakula. Kadi ya chakula ni ya toka enzi za vikwazo vya Umoja wa Mataifa, familia inapata unga, mchele, sukari, mafuta kwa idadi ya vichwa, na imeandikishwa pale unapoishi. Ukihama lazima uhamishe, na kuhamisha ni foleni na mihuri. Sasa chukua mtoto aliyezaliwa Tal Afar 2015. Cheti chake kina muhuri wa Daish, serikali haikitambui. Ili apate kipya wazazi waende mahakamani wathibitishe ndoa, na ndoa yenyewe kama ilifungwa chini ya Daish haitambuliwi pia. Na kabla ya yote hayo unapita kwanza kwa watu wa usalama wakutazame jina kwenye orodha zao za washukiwa wa Daish. Kama mume yumo, mke na watoto wanakwama hapo hapo. Nilimwona mama mmoja na mfuko wa nailoni umejaa fotokopi, kila fotokopi ya fotokopi, alikuwa amezipanga kwa rangi ya muhuri kwa sababu kusoma hajui. Kijani hii, bluu hii. Alikuwa ameenda ofisi ile mara kumi na moja, amezihesabu.

Kwa hiyo Msuni anaogopa kurudi kwa sababu ya orodha, binamu yake tu akiwa na jina linalofanana na la mtu mbaya ni taabu. Na Mshia anaogopa kurudi kwa sababu ya jirani. Wote wawili nyumba zipo. Mji wenyewe haukupondwa kama Mosul ya zamani, ulichukuliwa kwa siku kama 11 hivi Agosti 2017, palipopondwa vibaya ni Ayadhiya upande wa kaskazini. Ile ngome ya kale katikati ya mji Daish walishailipua wenyewe tangu 2014.

Fidia ipo kisheria, sheria namba 20 ya 2009, unajaza fomu unapiga picha ukuta ulioanguka unasubiri. Tuliwasaidia watu kujaza. Sikuona aliyelipwa nikiwa huko.

Maisha ya kila siku sasa. Umeme wa serikali masaa machache, baki unanunua kwa mwenye jenereta wa mtaa, unalipia kwa ampea. Familia ya kawaida inanunua ampea mbili tatu, hiyo ni taa, feni na TV, ukiwasha friji na feni pamoja kwenye joto la 45 kinakatika na mtoto anapanda ngazi kuwasha kikatio. Maji ya bomba ni ya kubahatisha, visima vingi vina chumvi, lori la maji linapita watu wanajaza matangi ya juu. Hao waliorudi wa Talibu ndo wanaishi hivyo, na ujue bado wanasema afadhali kuliko kodi ya Najaf.

---

BintiPangani

Samahani kuingilia, nilisoma kuhusu wanawake wa Kiyazidi, ile jamii ndogo yenye dini yake kule kaskazini mwa Iraki, waliotekwa na Daish. Wa Kiturkmeni hawakuguswa? Mbona hawatajwi

---

NdogoWaKisumu

Waliguswa dada. Waturkmeni waliotekwa ni zaidi ya 1,000 wakiwemo wanawake na watoto, na wengi hawajulikani walipo mpaka leo. Hawatajwi kwa sababu familia zenyewe zilinyamaza. Wayazidi, kiongozi wao wa dini alitamka hadharani wasichana wapokelewe nyumbani, kwa Waturkmeni mambo yalibaki ya ndani, ni habari ya heshima ya ukoo. Iraki ilipitisha sheria Machi 2021 ya kuwalipa pensheni manusura, watu wanaiita ya Wayazidi lakini Waturkmeni, Washabak (jamii nyingine ndogo ya huko Ninawa) na Wakristo wamo humo kwa jina. Shida ili ulipwe ujitokeze useme mimi nilikuwa kule. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu Mturkmeni, mwanamke, hodari sana, kila tukifika kwenye hilo swali la fomu alikuwa anafunga daftari anaagiza chai. Nikajifunza kuliruka.

---

TalibuWaTanga

Hapo Ndogo umesema kweli tupu.

Na niongeze moja, hata idadi yao ni ugomvi. Sensa ambayo watu bado wanaitegemea kwa habari za lugha ni ya 1957! Ile ya Novemba 2024 haikuuliza kabila wala madhehebu. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja wako milioni ngapi muulize kahesabu lini. Katiba ya 2005 imeitambua lugha yao kuwa rasmi kwenye maeneo wanayojaa, lakini mtoto wa Tal Afar anayekulia Najaf hiyo katiba haimfikii, huku hakuna shule ya Kiturkmeni.

---

MswahiliAnatolia

@MzigoKariakoo ile video bado unayo? Nitumie inbox. Nikisikia vibaya kuna mtu wa Tal Afar hapa kwetu atanisaidia, lafudhi yao mi mwenyewe inanipiga chenga.

---

MzigoKariakoo

Nimekutumia. Ni sekunde 40 hivi, mwisho nilizima maana simu ilikuwa na asilimia 3.

---

MswahiliAnatolia

Nimempelekea yule rafiki yangu aliyevunjika mkono, yuko na bibi yake hapo hapo wakaiangalia wote. Bibi amerudisha nyuma mara tatu kuangalia tanuri, anasema huyo mama anachoma kwa mkono wa kushoto na mtaani kwao alikuwepo mmoja wa hivyo, lakini akaitazama sana sura akasema siye.

Sasa majibu yako mkuu. Wewe umeuliza mtarudi lini, kijana katafsiri, bibi kajibu: "Mwulize kwanza yeye anaondoka lini, huo ni mkate wake wa sita." Ndo wakacheka.

Halafu mwishoni kabla hujazima, kijana anamuuliza bibi yake kwa sauti ya chini, Kiarabu nusu Kiturkmeni nusu, kweli lakini bibi, lini? Na bibi anamwambia kalete unga.

---

MzigoKariakoo

Ilikuwa minne. Wa tano nilimpa mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa pembeni yangu, huyo wa sita sijui kautoa wapi.